Mvule wa Mama na Mtu wa Viatu vya Rangi

Mama Rehema, wewe unastahili kujibiwa wa kwanza, maana ndiye uliyepokea ile simu. Najua umeshaisimulia Mabatini nzima: kwamba Kabula alipiga kutoka Ukara akipayuka, hata salamu hakutoa, akisema tu, "Mkimbizie mama simu aseme chochote, hata atukane!" Tangu nirudi, kila anayekuja kununua beseni anaanza na swali hilo. Nimechoka kulijibu nusunusu huku naangalia wezi wa ndoo, kwa hiyo naandika yote mara moja. Someni, mpeane, kisha mniache niuze.

Mabatini, kabla ya safari

Mnamjua mama yangu, Bi Veronika, anayekaa mlangoni pa duka langu na kuwakagua wateja kuliko askari wa benki. Msichojua ni kwamba ana mti. Alizaliwa Ukara, kile kisiwa kilicho nyuma ya Ukerewe, na kule ardhi ni ndogo na watu ni wengi, hivyo kila mti una mwenyewe. Shamba linaweza kuwa la mtu mmoja na mti uliosimama katikati yake ukawa wa mwingine, na mwenye shamba hathubutu kuvunja hata kijiti. Mama alipozaliwa, babu Mazigo alimpandia mche wa mvule. Ardhi waligawana wanaume. Yeye akaolewa na Msukuma, akaja hapa Mwanza, akazaa, akazeeka, na mpaka leo kitu pekee cha kwake kwenye kisiwa alichozaliwa ni huo mvule. Tangu nikiwa mtoto husema jeneza lake litatoka kwenye mti wake mwenyewe, si kwenye duka la mtu.

Sasa akapita muuza dagaa mmoja kutoka Ukara, akamwamkia mama, na katika mazungumzo akasema bila kujali kwamba ule mvule umepakwa rangi nyeupe kiunoni, watu wa mazingira wamefika. Mama alikirudisha jikoni chakula cha mchana bila kukigusa. Kesho yake akaniambia, "Kabula, nenda ukauone mti wangu kabla hawajauchukua. Mti ule ukiondoka, Ukara watasema sikuwahi kuzaliwa."

Nilifikiria kumpigia mjomba Magesa, kaka yake mama anayeishi kule, nikajizuia. Nani alijua kama si yeye aliyewaita hao wenye rangi? Mti mkubwa kama ule unatoa mashua, milango na vitanda. Nikaona heri niwatokee ghafla.

Nyamhongolo hadi Magu

Meli ya Nansio, mji wa Ukerewe, ilikuwa imeegeshwa kwa matengenezo, kwa hiyo nilipanda stendi ya Nyamhongolo basi linalozunguka ziwa kwa barabara: Magu, Lamadi, Bunda, Kisorya, halafu kivuko. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa cha mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Katikati ya magoti yake alishika furushi refu la kiroba, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Tulipofika Kisesa kitu kikadondoka, nikainama kukiokota, ndipo nikaviona viatu vyake. Vilikuwa vyeusi, vimesuguliwa vizuri, na juu yake matone ya rangi nyeupe yaliyokauka.

Nikalitazama tena lile furushi refu na kujisemea kwamba ndani yake kuna msumeno.

Akajitambulisha bila kuombwa. Anaitwa Faustini, mtu wa Bukoba, anafanya kazi za miti kisiwani Ukara. Mnawajua watu wa Bukoba, wakikuuliza jambo wanasubiri jibu. Nilikuwa nimeshateleza nikamwambia natoka Mabatini, na hilo likamfanya ageuke mwili mzima.

"Mabatini! Mabatini sehemu gani, mama?"

"Huko huko Mabatini."

"Na unakwenda Ukerewe kwa nani?"

Mtu anayeulizwa na jambazi anakwenda wapi hatoi ramani. Nikashika kilichokuwa karibu na ulimi. "Nimefiwa," nikasema, nikajifunika kanga mpaka kwenye paji la uso.

"Pole sana," akasema, akaacha maswali. Nikaona nimemshinda.

Magu, tukisubiri mkanda

Hatukuwa tumekaa sana kwenye ushindi huo, mkanda wa feni ukakatika tukiwa tunaingia Magu. Kondakta akatangaza kwamba fundi yuko njiani. Yeyote aliyewahi kusafiri anajua fundi aliye njiani ni mtu ambaye bado anaoga.

Tukaenda kukaa kwa mama ntilie mmoja Msukuma kando ya barabara. "Kalibuni, kuna wali wa hapahapa Magu na sato, na michembe kwa wasio na halaka," akasema. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ukivichemsha na karanga unasahau basi. Nilitamani sato yule, mkubwa, ametulia kwenye mchuzi. Lakini nilikuwa mfiwa, na mfiwa anayefakamia samaki hana msiba wa kweli. Nikaagiza michembe. Faustini akala sato wangu mbele ya macho yangu.

Akaanza kunifariji kwa historia. Alisema uhifadhi wa mazingira haukuletwa na meli kutoka nje. Hapo hapo Magu, alisema, Wasukuma walikuwa na ngitili, malisho yanayofungwa mvua zikianza ili nyasi zisimame mpaka kiangazi, na hakuna aliyeingiza ng'ombe kabla ya siku yake. Alizungumza vizuri, lazima niseme kweli, na hapo ndipo nilipokasirika.

"Ngitili ya babu mzaa baba naijua," nikamwambia. "Ilipotea walipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Na kabla ya hapo Wazungu walimlazimisha kulima matuta na kupunguza ng'ombe, wakidai ardhi inachoka. Baba yangu akakimbilia ziwani. Kokoro lake, ule wavu wa kukokota, likachomwa moto ufukweni, watoto wake tukiangalia. Kaka yangu Shija akajenga karibu na maji. Wakaja na rangi nyekundu, wakamchorea X ukutani, eti yuko ndani ya mita sitini za ziwa. Mimi nikauza mifuko ya plastiki, mkaipiga marufuku stoo imejaa, mpaka leo sokoni naitwa Mama Mifuko. Sasa niambie wewe msomi: katika hatua zenu zote hizo za kuhifadhi, ipo hata moja ambayo mtu wa kwetu aliachiwa kitu?"

Mama ntilie aliacha kukoroga. Faustini akafuta vidole.

"Kokoro linavua samaki watoto, mama," akasema taratibu.

"Na sisi tulikuwa watoto," nikamjibu.

Akaomba namba yangu ya simu ili tukifika anisaidie usafiri. Nikaona mtego. Nikamwambia simu imekufa, na ili uongo usinilie mfukoni nikaizima kabisa. Akauliza tena, msiba uko upande gani? Nilikuwa nimechoshwa. Nikadhani nikimtajia ukoo wenyewe ataogopa, ajue mti una watu. "Ukara," nikasema, "kwa akina Mazigo wa Bwisya. Umeridhika?"

Mtu yule alibadilika rangi. Alinitazama usoni kwa muda, akainuka, akaenda kusimama nyuma ya mti wa mwarobaini akanipa mgongo, akapiga simu. Sauti ilikuwa chini, mkono umefunika mdomo. Niliambulia maneno mawili tu, "Mabatini" na "anakuja." Aliporudi hakuuliza tena swali lolote, akaninunulia maji, akanibebea mkoba. Mjuaji aliyegeuka mpole ghafla! Nikajua amewaambia wenzake wakate upesi kabla sijafika.

Lamadi hadi Kisorya

Njia nzima sikulala, nililinda lile furushi kwa jicho moja. Kila likigusa kiti lilitoa sauti ya mbao au chuma, sikuweza kupambanua.

Lamadi, pale hifadhi inapokaribia barabara, bibi mmoja kiti cha nyuma alinyoosha kidole kwenye nyika na kusema wazee wake walikuwa wakichungia huko kabla hapajawa pa wanyama. Nilimgeukia Faustini nimwone anasemaje, naye akatazama viatu vyake.

Bunda tukaacha lami kuu tukakata kushoto, na Kisorya tukaikuta foleni ya magari ikisubiri kivuko. Hapo ndipo mambo yaliponiharibikia. Kumbe Faustini, kwa wema wake, alikuwa amemnong'oneza kondakta kwamba nimefiwa. Kondakta akawatangazia watu wanipishe kwenye kivuli. Kabla hatujafika katikati ya maji kivuko kizima kilikuwa kinanipa pole. Yule bibi wa Lamadi akanishika mkono akiuliza marehemu ni nani, nikainamisha kichwa tu. Wanawake wa Ukerewe waliokuwa wakirudi sokoni wakanijazia machungwa kwenye kanga. Mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani, wenzake wakaitikia, na nahodha akachungulia dirishani akavua kofia.

Mnanicheka. Hebu simameni nyinyi katikati ya ziwa, watu wanaimba, mseme, "Samahani, nilikuwa natania."

Nansio

Mwenye nyumba ya wageni Nansio alikuwa ameshapata habari, sijui kwa njia gani, kwa maana sisi ndio tulikuwa tumeshuka sasa hivi. Mama mnene, mkarimu, Mkerewe. Jikoni kwake nilisikia harufu ya sangara wa kukaanga. Akaniletea uji.

"Kunywa kidogo, mama. Najua chakula hakipiti."

Chakula kingepita, tena kwa mbio. Nikanywa uji. Akakaa pembeni yangu akanisimulia msiba wake, wa mume aliyekwenda kuvua na kuletwa na wenzake. Alilia bila kujificha. Nikamshika bega, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona dukani hata siku nilipomrudishia mteja chenji pungufu. Nilitaka kumwambia ukweli, lakini mlangoni alipita Faustini na furushi lake, akatupungia mkono. Hofu ikaishinda aibu. Nilikwenda kulala na lile wazo moja: mvule wa mama, je, nitaukuta?

Bugolora hadi Bwisya

Asubuhi boda boda ilinifikisha Bugolora, na kivuko cha Ukara kikaondoka na mimi, Faustini, mbuzi na magunia ya mihogo. Watu walikuwa wakipiga soga kwa nguvu. Tulipokaribia upande wa Bwisya soga zikaisha zenyewe. Kila mtu wa huku anajua kwa nini watu hunyamaza kwenye maji yale, kilipopinduka kivuko kikiwa kimejaa watu, na asiyejua huambiwa kwa sauti ndogo. Faustini alivua kofia. Mwanamke aliyekaa mbele yangu alitazama majini, midomo ikicheza bila sauti. Mimi mwenye msiba wa bandia nikajikunyata kati ya watu wenye misiba ya kweli, nikamwomba Mungu asinihesabu.

Anastazia, binti wa mjomba Magesa, alikuwa amesimama pale tunaposhukia, kanga imefungwa kiunoni. Nani alimwambia nakuja? Sikuwahi kumwambia mtu. Kabla sijamaliza kulishangaa hilo akanirukia shingoni, akaangua kilio.

Nikajua mjomba Magesa amekufa, tena mimi ndiye niliyemtabiria kwa ulimi wangu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nikalia naye, na safari hii sikuwa naigiza. Mjomba niliyemshuku njia nzima!

"Alikufa lini?" nikamuuliza.

"Si wewe ndiye wa kutueleza, dada?" akajibu kwa kwikwi.

Nikadhani uchungu umemchanganya. Tukapanda njia ya mawe, tumeshikana, tukipita nyumba ambazo ng'ombe hufungiwa ndani wakaletewa nyasi, na samadi hupelekwa shambani hata kikapu kimoja kisipotee. Majirani walisimama milangoni mikono kifuani. Ndipo nikasikia shoka.

"Wanafanya nini?"

"Jeneza, dada."

"La mjomba?"

Anastazia aliniachia mkono. "Mjomba yupi?"

Kwenye mvule

Mjomba yupi, naye ndiye huyo anateremka kuja kutupokea, mzima, shati limelowa jasho, shoka begani. Nilipiga yowe. Yeye akaliweka shoka chini, akanikumbatia.

"Umefanya vizuri kuja mwenyewe, mwanangu. Habari kama hii haisemwi kwenye simu. Tumeanza na matawi ili shina lisiangukie mihogo ya jirani. Leo leo tutalishusha, kesho mbao ziende Mwanza na wewe. Alitaka hivyo tangu zamani."

"Nani alitaka?"

"Dada yangu. Mama yako."

Nilitazama juu ya bega lake. Mvule ulikuwa umesimama katikati ya mihogo ya mtu mwingine, mkubwa kuliko nilivyoukumbuka. Upande mmoja kulikuwa na kidonda kibichi, tawi nene limelala chini na majani yake. Binamu yangu Masatu alikuwa juu, amejifunga kamba, anakata tawi la pili. Chini, kwenye shina, watu wawili walikuwa wameshaweka msumeno.

Hapo ndipo yote yaliponiingia kichwani kwa mkupuo. Faustini alikuwa amempigia mjomba kumwambia mama mmoja wa Mabatini anakuja kwenye msiba wa ukoo wake. Kwa mjomba hakuna aliyekufa. Mtu wao wa Mabatini ni mmoja tu. Wakajaribu kupiga simu, na mama hana simu, anatumia yangu, na yangu niliizima pale Magu.

"Mama ni mzima!" nikapayuka. "Acheni! Mama ni mzima, jana asubuhi kanifokea kwa sababu ya chumvi!"

Masatu akasimamisha shoka. Mjomba akanitazama kwa huruma, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, mimi ni mzee, si mtoto. Najua mnavyotuficha wazee, mtuambie kidogokidogo tusianguke. Umezima simu. Umekuja mwenyewe. Kivuko kizima kimekupa pole, na macho yako hayo mekundu. Sasa unanionea huruma. Masatu, endelea."

Jamani! Mimi ninayemshuku kila mtu nikawa sasa ndiye ninayeshukiwa, tena kwa kusema kweli. Nilimshika mjomba mguu, nikaapa kwa kaburi la baba. Akanipapasa kichwa kama mtu anavyompapasa mgonjwa wa homa. Msumeno ukaanza kuimba kwenye gome.

Nikakimbilia kwenye jiwe kubwa lililo nyuma ya shamba, maana mtandao wa simu unapatikana juu yake tu. Nikapanda kwa magoti, machungwa yakibingirika. Nikaiwasha simu. Hapo ndipo nilipokupigia wewe, Mama Rehema, na Mungu akubariki, siku ile tu, kwa umbea wako unaokufanya uishike simu mkononi muda wote.

Niliweka sauti kubwa, nikainyoosha juu kama askofu.

"Nani anapiga kelele hivyo?" Sauti ya mama ikatoka, kavu, mdomoni bado ana kitu anakitafuna. "Kabula? Umeuona mti?"

"Mama, mwambie mjomba kwamba uko hai!"

Mama akaita: "Magesa."

Msumeno ukasimama. Mjomba alikuja mpaka chini ya jiwe akainua uso. "Dada?"

"Hunisalimii?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Naambiwa mimi nimekufa."

"Tulisikia, dada."

"Na hukupanda kivuko ukaja kunililia, ukaanza na mbao?"

"Ulisema mwenyewe, tangu tukiwa wadogo, kwamba—"

"Nilisema nikifa! Nani yuko juu ya mti wangu?"

"Ni Masatu, shangazi," Masatu akaitikia kutoka matawini, sauti nyembamba.

"Shuka."

Masatu alishuka haraka mpaka akachubuka kifua. Mjomba Magesa akakaa chini, pale pale kwenye mihogo, akajifunika uso akalia kwa sauti, mzee mzima, mabega yakiruka. Alikuwa ameanza kumzika dada yake tangu jana. Nilishuka nikakaa naye. Tulilia wote, na Anastazia, na yule mwenye mihogo.

Faustini alitukuta hivyo. Alikuja taratibu na furushi lake na kikapu kitupu. Alipoelezwa, akakaa juu ya tawi lililoanguka kama mtu aliyeondolewa mzigo.

"Nilikuwa nakuja kuokota mbegu kabla haujaanguka," akasema.

Ndipo nikausogelea mti kuitazama ile rangi. Ilikuwa mkanda mweupe, mpana, na juu yake yameandikwa maneno kwa brashi, herufi kubwa: VERONIKA MAZIGO, MWENYE MTI. Chini kidogo, pale msumeno ulipoingia, gome lilikuwa limekatwa kina cha kidole.

Faustini akanieleza, na mjomba akawa anaongezea. Miaka ya nyuma uliwahi kuletwa mradi wa kupanda miti kwenye kilima cha Ukara. Waliambiwa ni miti ya umma. Basi kila Mkara aliipita ile miche ikiwa imenyauka bila kuimwagilia hata kopo la maji, wala kuifukuzia mbuzi. Si kwa ubaya. Kwao mti usiojulikana ni wa nani ni mti wa mwingine, na anayeushika mti wa mwingine ni mwizi. Yote ikafa, kwa heshima kamili.

"Safari hii tumeanza na majina," Faustini alisema. Akafungua lile furushi. Ndani hakukuwa na msumeno. Vilikuwa vibao vya mbao vilivyochongwa ncha, vingi, kila kimoja kimepakwa nyeupe, jina la mtu kwa rangi nyeusi. "Kila mche una mwenyewe kabla haujaoteshwa. Na mvule una dume na jike. Huu ni jike, ndio pekee unaozaa upande huu. Tuliuandika jina la mwenyewe mtu asije akaugusa. Lakini mbegu zake ni mali yake, hatuwezi kuziokota bila kumwomba. Jambo kama hilo haliombwi kwenye simu, ndiyo maana nilikwenda Mwanza kumtafuta."

Sasa hapa, wapenzi wangu wa Mabatini, msinitazame mimi tu. Mnamkumbuka yule mwanamume mwenye viatu vya rangi aliyepita wiki ile akimuulizia Veronika Mazigo? Mama Rehema, si wewe uliyemshuku, ukamwambia hapa hakuna mtu wa jina hilo, ukamwelekeza Mirongo? Alizunguka Mirongo mpaka soli ikaisha. Ndiyo maana aliponisikia nikitaja akina Mazigo, alifikiri mama amekufa na nyinyi mlikuwa mnauficha msiba.

"Lakini ulijua wataukata," nikamwambia. "Na wewe ni mtu wa miti. Kwa nini hukuwazuia?"

"Ni mti wake, mama," akasema. "Akiutaka uwe jeneza, ningemzuia kwa lipi?" Akasugua tone la rangi kwenye kiatu. "Pale Magu uliniuliza kama ipo hata moja. Nimelifikiria swali lako njia nzima."

Nilimpa chungwa.

Mama alikuwa bado kwenye simu, salio langu likiteketea. Akaombwa mbegu. Akauliza zitakwenda kwa nani, akasomewa majina ya vibao, akakataa mmoja kwa sababu bibi yake aliwahi kumuibia kuku, kisha akakubali wote. "Ila kibao kimoja kiandikwe Kabula," akasema. "Huyo ana baba Msukuma na mama Mkara, na kote hana hata kijiti."

Kurudi Mabatini

Njia ya kurudi sina mengi. Nansio nililala nyumba nyingine ya wageni, nikala sangara mzima na kichwa chake, nikiwa nimekaa mbali na dirisha. Kwenye kivuko cha Kisorya nilijifunga kanga tofauti. Na Faustini, msije mkadhani tumekuwa ndugu. Namba yangu nimempa, lakini anapiga mno, na kila mara anauliza maswali mengi kuliko yanayohitajika kwa mche mmoja.

Lile tawi lililoanguka Masatu alilichonga kigoda, akanipa nimletee shangazi yake kama faini. Ndicho mnachokiona mlangoni sasa badala ya kile kiti cha plastiki. Mama alikipokea, akakigeuza, akakinusa, akapitisha kiganja chini yake. Halafu akakikalia, akaniita karibu.

"Shina umeliona kwa macho yako?"

"Nimeliona, mama."

"Umelishika?"

"Nimelishika. Jina lako lipo."

Mteja alikuja kuulizia jagi, mama akamfukuza kwa mkono.

"Siku nikifa," akasema, "nendeni mkaninunulie jeneza la dukani. Lolote tu. Na Ukara wasiambiwe mpaka mmeshanizika."